Ligala Linatushinda kwa Marejeleo

Karibu na mafundi wa magari wa Buyenzi kuna ligala nililolizoea tangu nikiwa mtoto wa shule ya msingi. Kwa msomaji asiyekaa Bujumbura, ligala ni kile ambacho Mtanzania angekiita kijiwe: watu wa mtaa mmoja, benchi moja, birika la kahawa, na mabishano ya kila jioni. Ligala letu ni la mpira, na katika mpira ni la usajili hasa. Mechi huisha baada ya dakika 90, lakini habari za nani anakwenda wapi hazina kipenga cha mwisho.

Nataka kusema katika insha hii kwamba ligala hilo linajua kurejelea vyanzo kuliko sisi wanafunzi wa chuo, na kuliko baadhi ya wahadhiri wetu wanaotusahihisha. Najua nitaambiwa nimevunja adabu. Naomba nisikilizwe kwanza.

Ilianza kama mzaha mwezi Desemba 2022. Kijana mmoja alifika mbio akasema Saido Ntibazonkiza anaondoka Geita Gold na kujiunga na Simba. Kwetu hiyo si habari ndogo. Huyu ni Mrundi aliyecheza NEC ya Uholanzi, Cracovia ya Poland na Caen ya Ufaransa, kisha akavaa jezi ya Yanga. Kwenda kwake Simba kungewafanya nusu ya watu wa benchi lile wasisalimiane na nusu nyingine. Fundi mmoja wa magari, mtu wa miaka hamsini na kitu ambaye mikono yake haitoki oili hata siku ya Idi, hakuinua kichwa. Aliuliza tu:

"Ni nani alikuambia?"

"Nimeona kwenye gurupu, fundi."

"Gurupu ni jina la mtu? Nani aliiweka? Na yeye kaitoa wapi?"

Kijana akasema aliyeiweka yuko Kigoma. Fundi akauliza Kigoma na Geita ni jirani tangu lini, na huyo wa Kigoma alikutana na nani aliyekuwamo chumbani wakati wa kutia saini. Watu wakacheka. Mwanafunzi mmoja wa lise, ili kumwokoa mwenzake, akasema tetesi lazima iandikwe kitaalamu, kwa mabano: (Gurupu, 2022). Muuza kahawa akakataa. Yeye husoma kila siku ukurasa wa tetesi za soka wa BBC Swahili, na kila tetesi pale huishia kwa mabano yenye jina la gazeti lililoitoa, Marca au Mirror au jingine, bila mwaka. "Tetesi haina mwaka," alisema, "ikifika mwakani imeshaoza." Mwingine akadai kwamba Fabrizio Romano, yule Mwitalia, akishaandika "Here we go" hakuna haja ya mabano wala mwaka, inatosha kuandika jina lake na kunyamaza.

Hapo ndipo mtoto wa mwalimu wa madrasa aliposema neno lililogeuza mzaha kuwa kitu kingine. Alisema: "Mabano ya nini? Toeni sanadi."

Asiyesoma madrasa huenda hajui sanadi ni nini. Katika elimu ya hadithi za Mtume, kila masimulizi yana sehemu mbili. Kuna matini, yaani maneno yenyewe, na kuna sanadi, yaani mnyororo wa wapokezi: fulani alinisimulia, naye alisimuliwa na fulani, aliyesikia kwa fulani, hadi kufika kwa aliyekuwapo. Wanazuoni waliandika vitabu vizima juu ya maisha ya wapokezi hao: nani alikuwa mkweli, nani alikuwa msahaulifu, nani alizaliwa lini na kufa lini, ili ijulikane kama kweli angeweza kukutana na yule anayedai kumsikia. Bukhari alifariki mwaka 870, na mpaka leo kitabu chake kinaheshimiwa kwa sababu ya ukali wake katika jambo hili. Baada ya kupimwa, hadithi huitwa sahihi, au hasani, au dhaifu, au ya kuzuliwa.

Jioni ile tetesi ya Saido ilipewa cheo cha dhaifu. Mpokezi wa kwanza hajulikani, wa pili ana sifa ya kupenda kuonekana wa kwanza, wa tatu ndiye huyo kijana. Mzee mmoja aliyekuwa akitoka msikitini aliwagombeza: elimu ya Mtume haichezewi kwa ajili ya Simba na Yanga. Walimwitikia kwa heshima, wakaacha kutumia neno hadithi. Hawakuacha sanadi, na nadhani mzee mwenyewe hakukasirika sana, maana aliketi akaomba kahawa na kuuliza huyo wa Kigoma ni mtoto wa nani.

Siku chache baadaye usajili ukathibitishwa. Saido kweli alikwenda Simba, na mwisho wa msimu ule alilingana na Fiston Mayele wa Yanga kwa mabao, kila mmoja 17. Kijana alirudi ligalani akitembea kama aliyefunga mabao hayo yeye mwenyewe. Alitaka fundi amwombe radhi. Fundi akamjibu: "Habari ilikuwa kweli. Wewe hukuijua. Ulibahatisha."

Nimeliwaza jibu hilo kwa muda mrefu kuliko nilivyowaza mihadhara mingi. Katika miaka yangu mitatu chuoni hakuna aliyewahi kunitenganishia vitu hivyo viwili, ukweli wa neno na nguvu ya njia lililopitia, kwa uwazi namna ile. Mnyororo dhaifu unaweza kubeba neno la kweli. Mnyororo mzuri unaweza kubeba kosa. Ndiyo maana tunauonyesha mnyororo, ili msomaji apime mwenyewe.

Ligala limekuwa likifanya hivyo kila dirisha la usajili tangu siku ile, nusu kwa mzaha. Hata ya zamani yanafufuliwa na kupimwa upya. Jina la Laudit Mavugo lilihusishwa na Simba mwaka 2015. Alisajiliwa mwaka 2016. Wale waliosema "tayari" mwaka 2015 wana hukumu gani? Ligala liligawanyika jioni nzima. Wapo waliosema walikuwa wakweli waliowahi kufika. Fundi alisema aliyesema "tayari" kabla ya saini amesimulia kitu ambacho hakijatokea, na kutokea kwake baadaye hakumsafishi.

Sasa tuje chuoni.

Mwaka wa kwanza tulipewa karatasi ya mwongozo wa marejeleo. Ilisema nukta ikae wapi, herufi za mlazo zitumike wapi, jina la kwanza lifupishwe vipi. Haikuwa na sentensi hata moja iliyosema kwa nini tunafanya hivyo. Tuliikariri kama watoto wanavyokariri bendera za nchi. Katika insha yangu ya kwanza nilikatwa alama 4 kati ya 20 kwa sababu nilichanganya mtindo wa APA na ule wa tanbihi tuliofundishwa lise, wenye ibid. na op. cit. zake za Kifaransa. Mwenzangu aliyenakili orodha yake yote ya marejeleo kutoka kwenye tasnifu ya zamani, bila kugusa kitabu hata kimoja, hakukatwa kitu. Orodha yake ilikuwa safi. Ilikuwa safi kwa sababu ilikuwa imeshasahihishwa mara moja, mikononi mwa mwenyewe.

Msifikiri namsema yeye ili nijikinge. Mwaka wa pili niliandika insha juu ya ngeli za nomino, na katika marejeleo nikamweka Carl Meinhof, kitabu chake cha sauti za lugha za Kibantu kilichotoka Leipzig mwaka 1899. Niliandika jina lake, mwaka, mji, na kichwa cha kitabu kwa Kijerumani, herufi moja baada ya nyingine. Sijui Kijerumani. Sijawahi kukiona kitabu hicho hata kwenye picha. Nilikitoa kwenye tasnifu ya kaka mmoja aliyenitangulia, naye sina shaka alikitoa kwenye kitabu cha Kiswahili kilichochapwa Dar es Salaam. Mhadhiri aliandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Vyanzo vizuri."

Mtoto wa mwalimu wa madrasa ana jina la nilichofanya. Linaitwa tadlisi. Mpokezi anasikia neno kwa mtu wa karibu, mtu asiye na jina kubwa, kisha anamruka na kulisimulia kana kwamba alilisikia moja kwa moja kwa mkubwa aliye juu. Hajasema uongo juu ya neno lenyewe. Ameficha njia. Wanazuoni wa hadithi waliwaandika kwenye orodha watu wenye tabia hiyo, ili anayepokea kwao ajihadhari. Laiti chuo chetu kingetengeneza orodha kama hiyo, sijui nani angebaki nje. Mimi nisingebaki.

Tena hebu tuangalie mitindo hii tunayoiogopa ilitoka wapi. Ule wa kuweka jina na mwaka ndani ya mabano, unaoitwa wa Harvard, hutajwa kuwa ulianzia kwenye makala ya mwaka 1881 ya mwanazuolojia Edward Laurens Mark, aliyekuwa akichunguza yai la konokono asiye na gamba. Chicago walitoa kitabu chao mwaka 1906. APA ilianza mwaka 1929 kama makala ya kurasa 7 katika jarida moja la saikolojia, na MLA ikatoa karatasi yake mwaka 1951. Ni watu wa kazi waliokuwa na tatizo la kazi: wahariri waliochoka kupokea makala zilizoandikwa kila moja kwa namna yake. Walikubaliana juu ya mahali pa nukta ili wapate muda wa kusoma. Hawakukusudia nukta iwe ndiyo elimu.

Na wenyewe wanaendelea kubishana, kwa namna ambayo ligala lingefurahia. Mwaka 2012 MLA waliamua kwamba anayenukuu ujumbe wa Twitter aweke maneno yote ya ujumbe huo mahali pa kichwa, bila kubadili hata herufi kubwa na ndogo, kisha tarehe na saa. APA katika toleo lao la saba wanataka maneno 20 ya kwanza tu. Niliwasomea watu wa ligala kanuni hizo mbili. Muuza kahawa aliwaunga mkono MLA kwa sababu ya ile saa: katika usajili, alisema, saa ndiyo kila kitu, dirisha hufungwa usiku wa manane. Wengine walisema APA wana akili, maana maneno ya tetesi baada ya 20 ni kelele. Fundi aliuliza kama kati ya mitindo hiyo kuna unaomlazimisha mwenye kunukuu kusema yeye alipitia mlango gani kufika pale. Nilimjibu kwamba ipo kanuni ya chanzo cha pili: unaandika kwamba umemnukuu fulani kupitia fulani. "Basi hiyo ndiyo iandikwe kwa herufi kubwa," alisema, akarudi chini ya gari.

Kanuni hiyo imo kwenye karatasi yetu ya mwongozo. Iko ukurasa wa mwisho, na tuliambiwa tuiepuke kwa sababu "inaonyesha udhaifu wa utafiti." Ndugu wahadhiri, hapo ndipo mlipotufundisha tadlisi. Mnajua hali ya maktaba. Mnajua kwamba darasa la watu themanini likitafuta kitabu kimoja, wawili watakipata na sabini na wanane watakipata kupitia kwa hao wawili. Mkimwambia mwanafunzi kwamba kukiri njia yake ni udhaifu, ataificha njia. Mmemfanya achague kati ya kuonekana mvivu na kuwa mwongo, nasi tumechagua, na karibu wote tumechagua kitu kimoja.

Kuna na jambo la bibi yangu. Katika somo la fasihi simulizi nilikusanya methali kwake, methali za Kiswahili cha Buyenzi zenye Kirundi na Kilingala ndani yake. Kwa mwongozo wetu, bibi aliangukia kwenye "mawasiliano binafsi." APA husema mawasiliano binafsi yatajwe ndani ya matini tu na yasiingie kwenye orodha, kwa kuwa msomaji hawezi kuyafikia. Sababu yao naielewa. Lakini tazama matokeo yake kwenye karatasi yangu: Meinhof, ambaye sikumsoma, yumo kwenye orodha, bibi, niliyekaa naye jioni sita nikiandika, hayumo. MLA wangemweka, maana kwao mahojiano huingia kwenye orodha kwa jina la aliyehojiwa. Kwa hiyo hata kuonekana au kutoonekana kwa bibi yangu katika elimu ya Kiswahili kunategemea kama idara ilipendezwa na wanasaikolojia wa Marekani au na walimu wa fasihi wa Marekani. Hilo nalo tuliite jambo dogo la mabano?

Nitajibiwa, na nimeshajibiwa, kwamba nafananisha mbingu na ardhi. Tetesi za usajili ni upuuzi wa vijana wasio na kazi, na utaalamu ni utaalamu. Mwenzangu mmoja wa mwaka wa tatu aliniambia kwamba mtindo mmoja unaofanana humsaidia msomaji kukipata kitabu haraka, na kwamba bila nidhamu ya nukta hakutakuwa na nidhamu ya fikra. La kwanza nakubali kabisa. Mtu akiandika marejeleo ovyo ananipotezea muda, na fundi mwenyewe hupanga spana zake kwa ukubwa. La pili sikubali, na nina sababu isiyo ya mzaha.

Mwaka 2023 kijana wa avenyu yetu, kiungo wa kati mwenye miaka 17, alipata ujumbe kwamba klabu moja ya Ghuba inamtaka. Aliyeutuma alijitambulisha kama wakala. Baada ya siku mbili ikaja barua. Familia haikuwa na mtu wa kuisoma vizuri, nayo ilikuwa kwa Kiingereza, kwa hiyo wakaniita mimi, mtoto wa chuo. Niliichukua kwa majivuno, siwezi kuficha. Ilikuwa na nembo juu kulia. Ilikuwa na namba ya kumbukumbu, tarehe, anwani kamili, aya zilizopangwa sawasawa, saini na muhuri wa rangi ya buluu. Niliikagua kama mhadhiri anavyokagua orodha ya marejeleo, kutoka juu hadi chini, nikitafuta kosa la umbo. Sikulipata. Nikamwambia mama yake: "Mama, barua imekaa sawa."

Alikuwa na cherehani mbili. Aliuza moja ili kulipia viza na vipimo vya afya. Wakala alipokea pesa kwa simu, akaomba nyingine, akapokea, kisha namba yake ikafa.

Fundi alipopata habari aliuliza swali lake lile lile. Nani alimleta mtu huyu? Nani katika watu tunaowajua aliwahi kukutana naye? Hakuna. Mnyororo wote ulikuwa na pete moja, nayo haikuwa na jina. Mimi sikuuliza. Na kama ningeuliza ningejua zaidi, kwa sababu mambo hayo yameandikwa wazi. Kanuni za FIFA zinakataza kumsajili mchezaji wa chini ya miaka 18 kutoka nchi moja kwenda nyingine, isipokuwa katika hali chache kama wazazi kuhama kwa sababu zisizohusu mpira, na kijana wetu hakuwa katika hali yoyote kati ya hizo. Tangu mwaka 2010 uhamisho wa kimataifa hupita katika mfumo wa kompyuta wa FIFA, klabu kwa klabu, shirikisho kwa shirikisho; pale kila hatua ina mwenyewe na saa yake. Hata pesa hufuata mnyororo: mchezaji akiuzwa nje kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada hugawanywa kwa klabu zilizomlea tangu akiwa na miaka 12 hadi 23, mwaka kwa mwaka, kwa kufuata kitu kinachoitwa pasipoti ya mchezaji. Klabu ya mtaani isiyoandikwa mahali popote haipati hata faranga. Yaani wenye mpira wao, tunaowaona watu wa mchezo tu, wamejenga taratibu nzima juu ya swali la fundi, na mimi msomi nilitazama muhuri.

Najua mtu anaweza kusema yule mama angetapeliwa hata bila mimi. Huenda. Lakini aliniuliza mimi kabla ya kuuza cherehani, na nilimjibu kwa kipimo nilichofundishwa kwa miaka miwili, kipimo cha umbo. Sikumdanganya. Nilimpa hukumu ya orodha safi.

Mji huu pia hauna haki ya kusahau uvumi unaweza kufanya nini. Studio Ijambo ilianzishwa Bujumbura mwaka 1995, wakati wa vita, ili watu wa makabila tofauti waandae pamoja habari zilizochunguzwa, maana nyingine zilizokuwa zikipita mitaani zilikuwa zinaua. Mwezi Mei 2015 redio kadhaa za binafsi zilishambuliwa na kunyamaza, nami nilikuwa mtoto, lakini nakumbuka jinsi simu zilivyogeuka kuwa redio, kila mtu akipokea na kurusha. Wakati ule hakuna aliyeuliza sanadi kwa kucheka. Nafikiri watu wa rika la fundi waliuzoea ulizaji huo katika miaka kama hiyo, na mpira ni mahali tu walipopata kuufanyia mazoezi kwa raha.

Kwa hiyo ninayoyataka si makubwa. Mhadhiri anayesahihisha insha achague marejeleo mawili matatu katika orodha, amwite mwanafunzi na kumuuliza ana kwa ana: hiki ulikipata wapi, ulikisoma kwa lugha gani, ukurasa huu unasema nini? Dakika tano zinatosha. Anayesema "nilimpata kupitia kwa fulani" apewe alama zake zote, na anayeficha njia akatwe kuliko aliyekosea nukta. Leo ni kinyume. Bibi zetu, na wavuvi, na washairi wasio na vitabu, waingie kwenye orodha kwa majina yao wakiridhia, pamoja na mahali na siku tuliyoketi nao. Na sisi wanafunzi tuache kuuziana orodha za marejeleo kabla ya mitihani. Ndiyo, tunauziana, na bei inajulikana.

Mimi nimeanza. Katika rasimu ya tasnifu yangu, ambayo ni juu ya msamiati wa mpira katika Kiswahili cha Bujumbura, nimemwandika Meinhof upya, safari hii kupitia kwa kaka aliyenitangulia, na nimekiri kwamba sikukiona kitabu. Bibi yumo. Fundi naye yumo, kwa ridhaa yake, pamoja na tarehe za jioni nilizoketi ligalani na maneno ya nani aliyasikia kwa nani. Rasimu imerudi juzi. Msimamizi wangu amezungushia jina la fundi duara jekundu na kuandika pembeni: "Chanzo hiki kimechapishwa wapi?"

Nina miadi naye kesho saa nne asubuhi. Nimemwomba fundi tuende wote. Amesema atakuja kama atamaliza giaboksi ya teksi ya mtu, na ameuliza msimamizi huyo amesomea kwa nani.